Wenye makarasha Nyarugusu na kitendawili cha sola ya njia tatu

BEI ya dhahabu katika soko la dunia ilivuka dola 3,000 kwa wakia mwezi Machi 2025, na Oktoba mwaka huohuo ikavuka dola 4,000. Kwa mwenye karasha wa Nyarugusu, wilayani Geita, habari hiyo ina maana moja tu: kila saa ambayo karasha limesimama kwa kukosa umeme ni hasara kubwa kuliko ilivyokuwa zamani. Mawe yapo, wateja wamepanga viroba, lakini mota imelala.

Ndiyo maana biashara ya mitambo ya sola imepata masikio katika ukanda huu. Muuzaji anakuja na maelezo matamu: paneli juu ya bati, inveta ukutani, betri pembeni, na kwaheri dizeli. Mteja anauliza swali la msingi, kama itasukuma mota ya njia tatu, naye anajibiwa kwamba inveta ni ya kilowati 12 na mota ni ya kilowati 11, kwa hiyo inabaki hata ziada ya kuwasha friji.

Jibu hilo si sahihi, na linaweza kumgharimu mwenye karasha mamilioni ya shilingi. (Nyarugusu inayozungumzwa hapa ni ya dhahabu. Ile yenye kambi ya wakimbizi iko Kasulu, mkoani Kigoma, na wauzaji wa Dar es Salaam wanaosafirisha mizigo kwa lori wafanye hisani ya kuandika anwani vizuri.)

Njia tatu ni nini kwa mfanyabiashara

Umeme wa TANESCO unaofika nyumba ya kawaida ni wa njia moja, volti 230. Unaofika kiwandani ni wa njia tatu: nyaya tatu zenye umeme na ya nne ya nyutro. Kati ya njia yoyote na nyutro kuna volti 230, na kati ya njia na njia kuna volti 400. Njia hizo hazipandi na kushuka kwa pamoja. Zinafuatana kwa zamu, kila moja ikiwa nyuma ya mwenzake kwa theluthi moja ya mzunguko, na mizunguko ni 50 kwa sekunde.

Kufuatana huko ndiko kunakozungusha mota ya karasha, pampu na kompresa. Mota ya njia tatu haihitaji umeme mwingi tu, inahitaji zamu hiyo. Kwa hiyo inveta ya njia moja, hata iwe kubwa namna gani, haiwezi kuunganishwa moja kwa moja na mota ya njia tatu ikaifanyisha kazi. Na inveta tatu za njia moja zilizonunuliwa maduka matatu tofauti, kila moja ikapewa njia yake, hazitengenezi njia tatu. Kila moja itapiga ngoma yake.

Hapa sokoni kuna mtego wa maneno. Neno inveta hutumika kwa vitu vinne tofauti: kifaa cha sola cha kugeuza umeme wa DC kuwa wa kawaida, kifaa cha nyumbani cha kuchaji betri umeme ukiwepo, mashine ndogo ya kulehemu, na kidhibiti kasi cha mota ambacho mafundi wengi hukiita VFD. Mtu akimtuma kijana Mwanza kununua “inveta ya kilowati 11” bila maelezo zaidi, anaweza kuletewa chochote kati ya hivyo, na chote kitakuwa na stakabadhi halali.

Mota inapoamka

Turudi kwenye mota ya kilowati 11, ambayo wenyewe huiita ya farasi 15. Ikifanya kazi kwa uwezo wake wote katika volti 400, hula takriban amperi 21 kwa kila njia. Inveta ya njia tatu ya kilowati 12 ina kilowati 4 tu kwa kila njia, yaani kama amperi 17. Kilowati 11 za kwenye kibati cha mota ni nguvu inayotoka kwenye shafti, si umeme unaoingia, kwa sababu sehemu ya umeme hupotea kwa joto na sehemu huzunguka bila kufanya kazi. Maana yake ni kwamba inveta ya kilowati 12 ilishashindwa hata kabla ya kuanza.

Na kuanza ndiko kwenye balaa. Mota ikiwashwa moja kwa moja, kwa muda mfupi huvuta mkondo mara tano hadi nane ya ule wa kawaida. Tuchukue mara sita: amperi 21 zinakuwa kama 130, na hizo ni karibu kVA 90. Hakuna inveta ya kilowati 12 inayoweza kubeba mzigo huo hata kwa sekunde mbili. Itajizima ili kujilinda, na ikiwa ya bei ya chee itaungua.

TANESCO huubeba mzigo huo kwa kuwa nyuma ya waya kuna transfoma na gridi nzima. Hata hivyo mwisho wa laini napo hupata taabu. Karasha likiwashwa, taa za jirani hufifia, na umeme ukishuka sana mota hukoroma bila kuzunguka hadi koili zinanuka. Gridi ya taifa iliongezewa nguvu na bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, lililoanza kuzalisha mwaka 2024, na laini ya kilovolti 220 kutoka Bulyanhulu imefika Geita. Lakini wingi wa umeme kwenye gridi hauondoi udhaifu wa waya mwembamba wa kilometa nyingi na transfoma moja inayogombaniwa na makarasha kadhaa.

Kuna dawa tatu za kuamsha mota. Ya kwanza, inayofahamika sana, ni kiwashio cha nyota na delta, ambacho hushusha mkondo wa kuanzia hadi theluthi moja. Katika mfano wetu amperi 130 zinakuwa kama 43, sawa na kVA 30 hivi. Tatizo ni kwamba nguvu ya kusukuma nayo hushuka hadi theluthi hiyohiyo, na karasha lililojaa mawe, maji na mipira ya chuma si feni. Linaweza kugoma. Ya pili ni kiwashio laini cha kielektroniki, ambacho hupandisha volti polepole, nacho kina udhaifu wa aina hiyohiyo.

Ya tatu ni VFD. Kifaa hiki huanza na mizunguko michache kwa sekunde na kuipandisha taratibu, hivyo mota huamka na nguvu zake huku mkondo ukiwa hauzidi mara moja na nusu ya kawaida. Kwa anayetaka sola imsaidie mota kubwa, VFD si anasa. Ununuliwe huo kwanza, inveta baadaye. Hata asiyenunua sola kabisa atafaidika nao akiwa mwisho wa laini.

Namna za kuunganisha

Mwenye mtambo ana njia kadhaa, na si zote zinazolingana na mfuko wake.

Iliyo nyepesi ni kuacha makarasha yote kwa TANESCO na kuweka inveta ndogo ya njia moja kwa ajili ya ofisi, taa za usalama, kamera, mzani na simu. Mota haiguswi. Faida yake ni ndogo lakini hata hasara yake ni ndogo.

Ya pili ni inveta moja ya njia tatu ya aina ya hibridi, inayopokea paneli, betri na umeme wa gridi kwa pamoja. Inveta hizi zina sehemu mbili za kutolea umeme: moja upande wa gridi, nyingine ya akiba kwa vitu ambavyo havitakiwi kuzimika. Kosa linalorudiwa ni kupeleka karasha kwenye sehemu ya akiba. Siku umeme ukiwepo litazunguka, kwa sababu gridi inapita ndani ya inveta na kusaidia. Siku ukikatika, mzigo wote unaangukia inveta na inazima. Tena hata umeme ukiwepo, swichi ya ndani ya inveta ina kikomo chake cha amperi, na mshtuko wa kuwasha mota kila asubuhi huila kidogo kidogo.

Busara ni kuliacha karasha upande wa gridi. Jua likiwaka, sola inapunguza uniti zinazotoka TANESCO bila kubeba mshtuko wa kuwasha. Sehemu ya akiba inabaki na taa, ofisi na pampu ndogo yenye VFD.

Ya tatu ni inveta tatu za njia moja zinazoongea kwa waya wa mawasiliano, moja ikiwa kiongozi na mbili zikimfuata kwa zamu ileile ya theluthi. Zinatakiwa ziwe za kampuni moja, modeli moja na programu ya toleo moja. Mpangilio huu unapendwa kwa kuwa mtu anaweza kununua kidogo kidogo. Lakini moja ikiharibika, kwa kawaida njia tatu inakufa yote, na modeli ikiwa imeacha kutengenezwa mwenye mtambo anabaki na vyuma viwili vya ukutani.

Kwa namna zote, mizigo ya njia moja igawanywe. Inveta ya kilowati 12 haina kilowati 12 kwenye waya mmoja. Ukirundika friji, mashine ya kulehemu, taa na pasi katika njia moja, utazidisha kilowati 4 na inveta itazima huku kipimo kikionyesha kwamba jumla haijafika hata nusu.

Nyutro nayo isidharauliwe. Ikilegea au ikikatika katika umeme wa njia tatu, njia yenye mzigo mdogo hupandishiwa volti hadi kukaribia 400. Runinga na friji za ofisi nzima zinaweza kuungua kwa dakika chache, na mnunuzi ataenda kulalamika dukani kwamba ameuziwa inveta mbovu. Vilevile fundi apime mfuatano wa njia wa TANESCO na wa inveta kabla ya kuunganisha. Ukigeuka, mota inazunguka kinyume. Karasha linaweza kuvumilia, pampu haitatoa maji.

Pampu ya shimoni

Kwa kweli kazi ambayo sola ya njia tatu inaifanya vizuri zaidi machimboni ni ya maji. Kuna inveta za pampu ambazo hazitumii betri wala gridi. Zinapokea umeme wa DC wa paneli na kuugeuza moja kwa moja kuwa njia tatu, na zina VFD ndani yake. Ili kupata volti 400 za njia tatu, paneli zinatakiwa zifungwe kwa mfululizo hadi zitoe kama volti 550 hadi 600 za DC. Paneli 14 za wati 550, kila moja ikitoa volti 41 hivi zinapofanya kazi, zinafika volti 574, na uwezo wake ni kilowati 7.7, unaotosha pampu ya kilowati 4 hata jua likiwa la wastani.

Volti 600 za DC si mchezo. Cheche yake haikatiki kirahisi kama ya umeme wa kawaida, na swichi ya nyumbani iliyowekwa mahali pa swichi ya DC inaweza kuyeyuka ikiwa mkononi mwa mtu. Maji ya shimoni nayo hayajui kuwa jua limezama. Yanapanda usiku kucha, na duara lenye watu chini halitegemei jua pekee. Pampu ya sola ipunguze saa za jenereta, isiifukuze jenereta yenyewe.

LUKU na gridi ikikatika

Wengi hudhani kwamba wakiweka paneli zilizounganishwa na gridi, umeme wa TANESCO ukikatika mchana wao wataendelea. Inveta ya gridi isiyo na betri imetengenezwa ili izime palepale gridi inapokufa. Ingeendelea, ingerudisha umeme kwenye waya ambao fundi wa TANESCO anadhani umekufa, na fundi huyo yuko juu ya nguzo. Inveta ya hibridi huendelea kwa kujitenga na gridi kwanza, na inafanya hivyo kwa ile sehemu ya akiba pekee.

Kuna suala la mita. Mita za malipo ya kabla hazikutengenezwa zirudi nyuma, na baadhi huhesabu umeme unaotoka kama vile umeingia. Yaani unampelekea TANESCO uniti, na salio lako la LUKU linapungua. EWURA ina kanuni za kuruhusu mteja mdogo kubadilishana umeme na gridi, lakini hilo linahitaji makubaliano na TANESCO na mita ya pande mbili. Asiyekuwa navyo anatakiwa aiwekee inveta zuio la kutoa nje, kwa kufunga vipimo vya mkondo katika kila njia ya waya unaotoka kwenye mita. Kipimo kimoja kikifungwa kinyume, au cha njia ya kwanza kikawekwa kwenye ya pili, inveta itasoma uongo na kufanya kinyume cha ilichoagizwa. Fundi apime njia moja moja mbele ya mwenye mali, naye awe na leseni ya EWURA ya daraja linaloruhusu kazi ya njia tatu. Aombwe aionyeshe.

Hesabu ya shilingi

Hesabu zifuatazo zinatumia bei zilizowekwa na EWURA mwaka 2016. Mteja wa daraja la T1, ambamo wamo wafanyabiashara wadogo wa njia moja na wa njia tatu wasiozidi uniti 7,500 kwa mwezi, aliwekewa Sh. 292 kwa uniti. Ukiongeza VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, inafika kama Sh. 356. Ndiyo maana elfu kumi hununua uniti 28.

Chukua paneli za kilowati 10. Kwa jua la kanda hii, makadirio ya uniti 4 kwa siku kwa kila kilowati yanafaa kupangia, hivyo uniti 40 kwa siku na 1,200 kwa mwezi, kama zote zimetumika. Kwa mfano, mtambo mzima pamoja na ufungaji uwe umegharimu Sh. milioni 20.

Anayetumia TANESCO kwa T1 ataokoa kama Sh. 427,000 kwa mwezi, na mtaji unarudi baada ya miezi 47. Anayeendesha jenereta ana hadithi nyingine. Jenereta ya kiasi hula kama lita 0.35 kwa uniti. Dizeli ikiwa Sh. 3,000 kwa lita, uniti moja ni Sh. 1,050 bila oili wala vipuri. Uniti 1,200 ni Sh. milioni 1.26, na mtaji unarudi katika miezi 16.

Mwenye mtambo mkubwa ndiye anayepaswa kupiga kalamu mara mbili. Akivuka uniti 7,500 anaingia T2, ambako uniti iliwekwa Sh. 195, kodi na tozo zikiifikisha kama Sh. 238, lakini analipia pia Sh. 15,004 kwa kila kVA ya kilele chake cha mwezi. Sola inampunguzia zile uniti za bei ndogo. Kilele chake, kama hutokea saa mbili usiku makarasha yote yakiwa yamewashwa, hakiguswi. Kwake mtaji uleule unarudi kwa miezi 70. Huyu anafaidika zaidi kwa VFD na kwa kupanga makarasha yasiwashwe kwa mara moja.

Na usiku? Betri ya kawaida ya lithiamu ya volti 51.2 na amperi-saa 100 ina uniti 5.12. Mota inayokula kilowati 10 itaimaliza kwa nusu saa. Kusaga kwa saa kumi za usiku kunataka betri kama hizo 20 kwa karasha moja, na paneli za ziada za kuzijaza. Kwa hesabu ya leo, aliye na waya wa TANESCO hana sababu ya kufanya hivyo.

Mapato nayo yaangaliwe. Mwenye karasha hulipwa kwa fedha kwa kila kiroba, au huachiwa marudio ambayo baadaye huchenjuliwa kwa sayanaidi. Anayelipwa kwa marudio hapati fedha mwezi huuhuu, na akichukua mkopo wa sola wenye rejesho la kila mwezi atajikuta anauza marudio kabla ya wakati wake.

Kazi hiihii ya kugeuza jua kuwa njia tatu inafanywa kwa ukubwa mwingine jirani tu, Kishapu mkoani Shinyanga, ambako mwaka 2023 TANESCO ilisaini mkataba na kampuni ya Sinohydro ya China kwa awamu ya kwanza ya megawati 50 kati ya 150, kwa mkopo wa shirika la maendeleo la Ufaransa, AFD. Huko inveta hupeleka umeme kwenye transfoma na kisha gridini. Hakuna mota ya karasha inayoamshwa na inveta.

Kwa anayenunua msimu huu, maswali ya dukani ni machache. Inveta inabeba amperi ngapi kwa kila njia, si kilowati ngapi kwa jumla? Inastahimili mzigo wa ziada kiasi gani, na kwa sekunde ngapi? Dhamana inatolewa na duka au na kiwanda, na kifaa kikifa kinapelekwa wapi, Mwanza au China? Vumbi la karasha nalo halina dhamana: paneli zifungwe upande ambao upepo hauleti unga wa mawe, zioshwe mara kwa mara, na inveta isiwekwe chumba kimoja na mashine. Anayepanga rejesho la benki alipange kwa uniti za miezi ya masika, mawingu yakiwa yametanda juu ya Ziwa Victoria, si kwa zile za Julai.